Mwanasesere wa Maganda ya Mahindi

Katika mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha tulimtoa darasani mtoto aliyekuja kwenye kipindi cha kazi za mikono bila karatasi za rangi. Yalikuwa majira ya mavuno. Jioni tulipopita kwao, tulimkuta uani, kando ya mama yake aliyekuwa akimenya mahindi, akimtengenezea mdogo wake mwanasesere. Alichagua maganda ya ndani yaliyo laini, akayalowesha, akayakunja juu ya kipande cha gunzi kuwa kichwa, akafunga shingo kwa ukanda wa ganda. Nywele zikawa ndevu za mahindi. Alipotuona, alimficha mgongoni.

Kesho yake tulimwomba awafundishe wenzake, nasi tukaketi dawatini. Shingo ya mwanasesere wetu ilikatika mara mbili. Hatukuyalowesha maganda vya kutosha.