MITUMBWI MIWILI NA FAHALI MMOJA

Sisi Wakurya twajulikana kwa ng'ombe, wala si kwa vyombo vya majini. Lakini nyumbani kwetu ni upande wa Tarime, hapo Mto Mara unapotanuka na kuwa mafunjo matupu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Serengeti. Vilima vya kwao twaviona kila asubuhi, ila kwenda huko kwa barabara ni kuzunguka mbali mpaka darajani.

Likizo iliyopita Baba aliuza fahali mmoja, akasema, "Fedha hii ni ya mtumbwi, ili watoto wamwone bibi yao." Basi tukaenda sote wanne, pamoja na mdogo wangu wa kike, kwa fundi mmoja kando ya ziwa.

Fundi alikuwa na mitumbwi miwili ya mbao, yote bapa chini, maana penye mafunjo maji si ya kina na mkuku hukwama. Wa kwanza ulikuwa na urefu wa mita 5 na upana wa sentimeta 60. Wa pili ulikuwa na urefu wa mita 4 na upana wa mita 1, nao ulifanana na hori la kunyweshea ng'ombe. Mimi niliupenda ule mwembamba mara moja. Nikasema utapenya mafunjo upesi, tena bei yake ni nafuu, na fedha itakayosalia itanunua mbuzi. Baba naye akaelekea kukubali.

Mama akasema, "Kabla hamjalipa, tuketi sote ndani."

Tukaketi. Mdogo wangu akaona yangeyange akiruka, akainuka kumtazama. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, na Baba akamdaka kwa gauni. Maji pale yalikuwa ya kiunoni tu, lakini mtoto yule hajui kuogelea. Hakuna aliyecheka. Mama aliniuliza neno moja: "Na huko katikati, mwanangu, kwenye viboko na mamba, ingekuwaje?"

Tukaingia katika lile hori, Mama akamwambia mtoto ainuke tena. Likatikisika kidogo, likatulia.

Usiku nilichukua kalamu. Archimedes alitufundisha kwamba chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Tukiikadiria mitumbwi ile kama masanduku, kila kilo 30 huuzamisha ule mwembamba sentimeta 1. Ule mpana huhitaji kilo 40. Sisi wanne ni kama kilo 240: sentimeta 8 kwa wa kwanza, 6 kwa wa pili. Tena upana ndio uzuiao chombo kulala ubavu. Hesabu hiyo niliipatia alama nzuri darasani, lakini mbele ya mtumbwi sikuikumbuka. Mama, ambaye hakusoma Fizikia, aliifanya kwa kuketi tu.

Fahali akaisha wote: kwa mtumbwi mpana na majaketi okozi manne. Mbuzi hatukumwona. Fundi alituonya kwamba chombo bapa si cha ziwani, kwani mawimbi hukipiga chini kama ngoma. Hivyo sisi huvuka asubuhi, kabla ya upepo. Wala hatuzidishi watu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kiliruhusiwa abiria 101, na waliokufa walizidi 220.

Jumapili ya kwanza Bibi alitungoja kando ya maji. Alipokiona chombo chetu alicheka sana, akauliza kama tumemletea hori la ng'ombe wake. Kisha akatuhesabu mmoja mmoja tulipokuwa tukishuka: wanne.

Mwanafunzi, Kidato cha III