Kiswahili Kiwamboni: Maoni ya Mpenzi wa Filamu

Kwa muda mrefu, filamu inapotajwa katika makongamano yetu ya Kiswahili, hutajwa kama mshtakiwa. Wapo wanaoishtaki kwa kupotosha maadili ya vijana, na wapo wanaoishtaki kwa kuboronga lugha. Ni nadra kuisikia ikijadiliwa kama kazi ya sanaa yenye wahusika, mandhari na mtindo, jinsi tunavyoijadili riwaya au tamthilia. Wahenga nao walituusia kwamba Mgala muue na haki umpe. Nikiwa mtu ambaye kila apatapo pesa za tiketi hazipiti njia nyingine ila ya jumba la sinema, ningependa kutoa maoni yangu kuhusu filamu tatu za Afrika Mashariki ambazo, kwangu, zatudai sisi wanafunzi wa Kiswahili jambo moja tu: tuzisikilize.

Ya kwanza ni Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga na kutolewa mwaka wa 2012. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania tuzo ya Oscar. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za kigeni huku akiwaigizia wateja matukio yake, anakuja Nairobi kutafuta uigizaji. Anaporwa punde tu afikapo, anatupwa korokoroni, na hatimaye anajiunga na genge la wezi. Wenzangu wengi hulalamika kwamba Sheng imezidi humo. Naona kwamba ukiiondoa Sheng, umemwondoa Mwas mwenyewe. Nyumbani kwao hunena Kikuyu. Gengeni hunena Sheng. Katika ulimwengu wa jukwaa, Kiingereza hujipenyeza. Kila mlango anaoingia una lugha yake, nayo ni sharti ailipe kama kiingilio. Darasani jambo hili tunaliita kubadili msimbo, tukalitolea mifano ya sentensi moja moja. Katika filamu hii twaliona likimgharimu mtu nafsi yake. Dosari yake kubwa, kwa maoni yangu, si lugha bali uchoraji wa wanawake. Amina, mpenzi wa Oti, ameachwa na uhai nusu, ilhali ndiye aliyeelekea kuwa na mengi ya kusema.

Ya pili ni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka wa 2021, na ambayo Tanzania iliiteua kuwania Oscar mwaka uliofuata. Asili yake ni riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka wa 1999. Hapa ndipo wasomi wa fasihi tunapokuwa wakali. Nimesikia ikilaumiwa kwa kuacha hiki na kile kilichomo riwayani, kana kwamba kazi ya mwongozaji ni kusoma kitabu kwa sauti mbele ya kamera. Msimulizi wa Adam Shafi ni mtu wa maneno: hutania, hufafanua, humshika msomaji mkono. Filamu ya saa moja na nusu haina nafasi hiyo, nayo imechagua ukimya. Mateso ya Yasmin katika ndoa yake na Raza tunayasoma usoni pake na katika kuta za nyumba. Kisha anapofika Ng'ambo kwa Mwajuma, tunaanza kusikia Kiswahili cha Unguja kikitiririka, chenye mzaha na vijembe. Nafasi ya Mwajuma alipewa Siti Amina, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na uamuzi huo nauona wa busara, maana lafudhi ya namna ile haifundishwi mazoezini. Nisichokubaliana nacho ni Denge. Yule wa riwayani ni mjanja, mcheshi, anayewachezesha askari wa kikoloni. Wa filamuni amekuwa mpenzi mwenye huzuni, na siasa yake imefifia nyuma ya mapenzi.

Ya tatu ni Nawi, iliyotolewa mwaka wa 2024. Nawi ni msichana wa Turkana anayefaulu vyema mtihani, lakini babake anaazimia kumwoza kwa mahari ya mifugo. Michelle Lemuya Ikeny, aliyemwigiza, alitunukiwa mwaka huo tuzo ya mwigizaji chipukizi katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA. Alistahili. Hata hivyo, filamu hii ina ugonjwa tunaoujua vyema katika tamthilia zetu za shule: ujumbe hutangulia, mhusika akafuata nyuma. Inapofundisha, nilijihisi nimeketi katika baraza la chifu. Inapomwacha msichana atazame tu mifugo inayohesabiwa kuwa thamani yake, haihitaji kufundisha lolote.

Filamu hizi hutufikia zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nimegundua jambo kila niketipo jumbani: wanaosoma hucheka kabla ya wanaosikiliza, kwa kuwa maandishi hutangulia sauti. Mzaha wa mhusika hutua ukiwa umekwisha chekwa. Tena kijembe cha Unguja au fumbo la Sheng hupita chini kikiwa sentensi ya Kiingereza isiyo na chumvi. Mhakiki anayetegemea maandishi hayo pekee ataandika juu ya mandhari, mavazi na ujumbe, lakini lugha hataigusa. Na kwa kuwa aghalabu filamu hizi huhakikiwa kwa Kiingereza, maneno ya wahusika wetu yanageuka kuwa sauti ya nyuma tu, kama upepo au honi za matatu.

Nilipopendekeza kuandika tasnifu kuhusu mazungumzo ya filamu, niliulizwa iwapo nimeishiwa na vitabu. La, sijaishiwa. Tamthilia nayo huandikwa ili isemwe, na hakuna aulizaye kama ni fasihi. Tofauti ni kwamba mswada wa tamthilia twaununua dukani, ilhali maneno ya filamu hayana budi kunaswa kwa sikio na kuandikwa. Hiyo ni kazi, na ni nani wa kuifanya kama si sisi tuliofundishwa isimu na fasihi kwa pamoja?

Kwa hivyo, ndugu wanachama, napendekeza kila toleo la jarida letu liwe na tahakiki moja ya filamu, iliyoandikwa na mtu aliyeketi jumbani akasikiliza. Aseme lugha ilimfaa nani, ilimsaliti nani, na maandishi ya chini yaliacha nini. Twaweza kuanza na hizi tatu.