Baiskeli Isiyo na Karia

Siku baba alipopata habari kwamba nimenunua baiskeli ya mbio, aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Ina karia?" Nikamjibu haina. Akanyamaza. Nilisikia redio na kuku upande wake, kisha akasema, "Mimi nilinyonga baiskeli ili wewe usinyonge," akakata.

Ilikuwa Oktoba 2025. Mwezi mmoja kabla yake Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yamefanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi wanne tunaoishi chumba kimoja Wandegeya tulijazana mbele ya simu moja tukimwangalia Tadej Pogačar akivipanda vilima vya Kigali kana kwamba anashuka. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zaidi ya 267. Mimi nilikuwa sijawahi kuendesha hata 20 kwa siku. Lakini nilikuwa na akiba kidogo ya kupiga chapa tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kwa muuza mitumba mmoja mjini ilining'inia baiskeli nyekundu, nyepesi, matairi membamba kama kidole gumba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Karia, kile chuma cha nyuma cha kufungia mzigo, haikuwa nayo. Haikuwa hata na mahali pa kuifunga.

Ili msomaji aelewe kwa nini baba alikata simu, lazima nimpeleke Busia kidogo. Sisi ni Wasamia, na Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Katikati ya vituo viwili vya forodha pana kipande cha barabara ambacho msafiri alilazimika kukivuka na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakiita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka kwa kinywa chao: boda, boda! Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, na hapa Kampala anayesema boda ana maana ya pikipiki. Wengi wa wanafunzi wenzangu hawakujua kwamba boda ya kwanza haikuwa na injini. Mimi nilijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu baba alikuwa mmoja wao miaka ya tisini, kisha akahamia Jinja na Hero yake nyeusi, karia yake imeshonewa kiti cha sponji chenye kitambaa cha maua. Waganda huiita baiskeli kwa utani "maanyi ga kifuba", nguvu za kifua. Baba alizimaliza hizo nguvu. Magoti yake hulia akiinama. Pikipiki zilipojaa mjini akaiuza Hero, na pesa hizo zikaenda kwenye ada yangu ya kidato cha kwanza.

Hata Kiswahili ninachosomea kinatoka kwenye karia ile. Kampala bado utasikia watu wakisema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Kwangu ilikuwa lugha ya baba akipatana bei na abiria asiyejua ni wa upande gani.

Basi baada ya ile simu tukawa tunaongea kwa ufupi. Mama hujambo, masomo yanaendeleaje, haya. Muhula ulipokaribia kwisha nikaamua kwamba sitapanda basi kwenda nyumbani. Nitakwenda kwa baiskeli, kilomita kama 85 mpaka Bugembe, aione kwa macho yake. Nilitumaini nini hasa, sijui. Labda kwamba akiona nimefika mzima ataona kwamba si upumbavu.

Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barabara ya Jinja kutoka Nakawa hadi Mukono sina mengi ya kuisifu: Banda, Kireka, Bweyogerere, moshi, teksi zinazosimama bila taarifa, mashimo ukingoni. Namanve, mahali palipokuwa msitu wa hifadhi, sasa ni viwanda. Baada ya Mukono lori moja lilinisukuma nje ya lami kabisa. Sikuanguka, lakini miguu ilitetemeka hadi Namawojjolo, ambako wachoma kuku walinicheka na mmoja akaniita Mzungu kwa ajili ya kofia yangu ya plastiki.

Lugazi ndipo mambo hubadilika. Miwa inaanza, pande zote mbili, mirefu kuliko mtu, na hewa ina utamu mzito wa kiwanda cha sukari. Jua lilikuwa limeshapanda na hapakuwa na kivuli hata cha kuegemea. Unakanyaga, miwa. Unakanyaga, miwa. Halafu chai kidogo, ya kijani kibichi kama zulia, halafu ghafla barabara inaingia chini ya miti.

Nimepita Mabira kwa basi mara nyingi tangu utotoni, na kwa abiria wa basi msitu ni dakika chache za giza dirishani. Kwa baiskeli niliusikia kwanza kwenye mikono. Ubaridi uliupanda mkono wangu kuanzia viganja, kama nimeingia kwenye nyumba ya udongo mchana wa jua. Kisha harufu ya majani yanayooza, harufu nzuri, nisiyojua kuilinganisha na nini. Kisha sauti. Gari likipita husikii kitu, lakini kati ya gari na gari kuna nafasi, na katika nafasi hizo msitu ulikuwa unapiga kelele: wadudu, matawi yanayovunjwa na kima, na ndege ambao sikuwaona hata mmoja. Wanasema Mabira ina zaidi ya aina 300 za ndege. Nilipunguza mwendo ili nafasi zile ziwe ndefu, jambo ambalo halina mantiki, kwa kuwa magari hayakuwa yananingoja.

Huko ndiko nilikoelewa ugomvi wa mwaka 2007, nilipokuwa mtoto wa miaka minne. Serikali ilitaka kutoa hekta kama 7,100, karibu robo ya msitu, zilimwe miwa. Mwezi wa Aprili watu waliandamana Kampala, na wengine walikufa siku ile. Mpango ukasimamishwa baadaye. Tuliisoma habari hiyo shuleni kama tarehe ya mtihani. Lakini mtu aliyetoka kwenye miwa ya Lugazi akiwa amelowa jasho, akaingia kwenye kile kivuli kwa miguu yake mwenyewe, hahitaji kuelezwa robo ya msitu ni nini.

Nikiwa nimepita soko la Najjembe kwa mwendo wa kama dakika kumi na tano, tairi la nyuma likapiga pancha. Viraka nilikuwa navyo, gundi nilikuwa nayo. Pampu niliisahau chini ya kitanda Wandegeya.

Aliyenikuta ni mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli kupanda mlima kutoka upande wa pili. Ilikuwa nyeusi, na mafenesi matatu makubwa yamefungwa kwenye karia kwa vipande vya mpira. Alisimama, akaitazama ya kwangu kuanzia mbele hadi nyuma, akauliza kwa Luganda, "Unabeba nini?"

Nikamwambia sibebi kitu.

"Unakwenda kuchukua nini?"

Sichukui kitu, ssebo. Naendesha tu.

Hakucheka. Kama angecheka ingekuwa rahisi. Alitoa pampu yake, lakini baiskeli yangu ina vali nyembamba na mdomo wa pampu ile ulikuwa mpana. Hewa yote ilitoka pembeni. Akasema twende Najjembe, yuko fundi. Nikageuza nikamfuata kwa miguu. Kwa muda nilijaribu kumsaidia kusukuma, mkono wangu mmoja kwenye mafenesi, mwingine kwenye baiskeli yangu, na hapo nikapata kujua uzito ambao baba alikuwa anausema. Si uzito wa mzigo tu. Baiskeli yenye mzigo nyuma hutaka kuinuka mbele kila unapopanda, na ukishuka hutaka kukupita. Huwezi kuiachia hata kupangusa jasho. Mzee alifanya hivyo kila siku ya soko na alikuwa akinieleza habari za mjukuu wake bila kuhema.

Kule Najjembe wauzaji wa kuku na gonja hukimbilia kila basi linalosimama. Sisi wawili hawakutukimbilia. Fundi alikata utepe wa mpira kutoka tyubu kuukuu, akauzungusha kwenye vali yangu mpaka ikanenepa, akabana pampu juu yake, hewa ikaingia. Kazi ya dakika tano. Nilitaka kumlipa na mzee vilevile, mzee akakataa, akasema nimsalimie baba. Nilikuwa nimemtajia Hero ya baba mahali fulani njiani.

Nilivuka Mto Nile saa saba, nikafika Bugembe saa nane mchana. Baba alikuwa kibandani kwake akipima sukari. Alinitazama, akammaliza mteja kwanza, ndipo akatoka. Hakugusa usukani wala gia. Alichuchumaa, magoti yakalia, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Nani alikujaza hewa? Utepe huu ni wa nani?"

Nikamweleza yote, na mafenesi. Kuhusu lori sikumwambia. Nilimwambia pia kwamba yule mzee hakunicheka. Baba akasema, "Angekucheka kwa nini?" kisha akarudi ndani kwa sukari yake, na jioni ile hatukuizungumzia tena.

Asubuhi niliamka nikakuta baiskeli haipo ukutani. Mama alikuwa anaosha vyombo na hakuonekana kushangaa. Ilirudi kabla ya saa tatu, baba ameisukuma, hakuipanda. Nyuma ya kiti palikuwa na karia ya chuma, kuukuu, imepakwa rangi nyeusi. Kwa kuwa hapakuwa na tundu za skrubu, alikuwa ameifunga kwa vipande vya mpira, vingi, vimepitana kwa ustadi ambao sijauona kwa fundi yeyote wa Kampala. Ilikuwa mbaya sana kuitazama.

Juu yake alikuwa ameshafunga mfuko wa karanga wa kilo tano, niwapelekee wenzangu wa chumbani muhula ukifunguliwa. Nikamwambia bado nina majuma kadhaa ya likizo. "Najua," akasema. "Nataka uzoee." Akavuta mpira mara mbili kuona kama umekaza, akaniambia siku nikiondoka niipite miwa ya Lugazi kabla jua halijawa kali.