Kupungua

Bukoba nilikokulia, mtu akikwambia "umenenepa" anakupongeza. Anamaanisha kazi inalipa, nyumbani kuna amani, unakula na unalala. Akisema "umepungua," sauti hushuka kidogo, kisha hufuata swali: unaumwa?

Swali hilo halikutoka hewani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mama alikuwa na miaka 21. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "slim", yaani wembamba, kwa sababu hiyo ndiyo dalili ambayo kila jirani aliweza kuisoma bila daktari. Mama aliwaona kaka zake wawili mashati yakiwapwaya, kisha akawazika, mmoja baada ya mwingine. Leo dawa zipo, na wenye virusi wanaishi na kunenepa kama watu wengine. Lakini kwa Mama, tangu miaka ile, kilo ni akiba.

Ndiyo maana mwaka jana, muuguzi wa kliniki alipomwambia kwamba sukari yake iko mpakani, na kwamba katika kilo zake 92 apunguze walau 5, alirudi nyumbani amenyamaza. Nilipompigia simu hakuanza na habari ya sukari. Alisema, "Mwanangu, wanataka nikonde."

Ushauri ukamiminika. Mdogo wangu, anayeishi Mwanza na kunyanyua vyuma kila jioni, alimtumia video: acha wanga kabisa, kula nyama, mayai na parachichi. Shangazi akasema hapana, adui ni mafuta, achemshe kila kitu. Mama akawa anakula kwa hofu, leo akimsikiliza huyu, kesho yule.

Wote wawili walikuwa na hoja. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu 1 ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia huongeza kalori 120 hivi, na tumbo halitambui kama limeongezewa kitu. Upande wa pili, ndizi za kupika ni wanga kwa sehemu kubwa. Katika gramu 100, protini ni gramu 1 hivi. Na protini ndiyo inayoshibisha kwa muda mrefu. Isitoshe, mwili hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati ya protini katika kuimeng'enya tu. Anayepunguza uzito bila kula protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na kwa mwanamke aliyevuka miaka 60, misuli ndiyo itakayompeleka sokoni na kanisani miaka ijayo.

Nikatafuta nani ameshinda ubishi huu. Mwaka 2018, Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine wanga. Wote waliambiwa wale mboga kwa wingi na waache sukari na unga uliokobolewa. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga, kilo 6.0. Kitakwimu, hakuna aliyeshinda. Lakini ndani ya kila kundi walikuwemo walioshuka kilo nyingi mno, na walikuwemo walioongezeka.

Basi swali langu likabadilika. Badala ya kuuliza kipi kipunguzwe, nikajiuliza ni sahani gani Mama ataweza kuila hata mwaka wa tatu. Hilo hakuna mtaalamu wa kulijibu zaidi yake mwenyewe.

Nilikwenda likizo mwezi Desemba, nikakaa naye jikoni. Nikamwuliza ni kitu gani hawezi kukiacha.

"Ndizi," akajibu papo hapo. "Nikiacha ndizi, mgeni nitamwekea nini? Nikae namtazama anavyokula?"

Kwetu, usipokula ndizi hujala. Halafu kuna suala la mfuko. Mdogo wangu anaweza kumaliza mayai sita kwa siku kwa sababu ana mshahara. Mama ana migomba nyuma ya nyumba na maharage shambani.

Kwa hiyo ndizi zilibaki, na sufuria ni ile ile. Zilipungua nusu, maharage yakaongezwa mara mbili. Pembeni tukaweka mchicha mwingi, na siku nyingine dagaa, ambao wakikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mafuta yakaanza kupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Ulikuwa msimu wa senene, nao hatukuwanyima nafasi: wana protini nyingi, ila wana mafuta mengi vilevile, kwa hiyo walikuja kwenye kisahani, si kwenye bakuli. Chai ikabaki na kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu. Hilo alililalamikia kuliko yote.

Mwezi Machi mwanamke mmoja alimvuta kando baada ya ibada. "Dada, umepungua. Kuna tatizo?" Mama alinisimulia kwenye simu, na nilisikia hofu ya zamani ikirudi kwenye sauti yake. Jioni ile, aliniambia, alijipakulia ndizi sahani nzima, akala zote.

Kesho yake alikwenda kliniki kuomba kadi ya kuandikiwa uzito wake kila mwezi. Sasa kadi hiyo inakaa kwenye pochi yake. Anayemwuliza kama anaumwa huonyeshwa: 92, 91, 91, 90, 89, 88. "Ona mwenyewe," huwaambia. "Maradhi hayaendi taratibu namna hii. Hii ni kazi yangu."

Imebaki kilo 1. Mwezi uliopita haikushuka, na Mama hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na wageni wawili, wakala ndizi pamoja naye.