Viungo vya Bunduki

Daftari ninaloandikia mashairi lina ukurasa mmoja usiofanana na mingine. Una orodha ya vyuma: mtutu, kitako, kifyatulio, kamani, darubini, na mbele ya kila kimoja, bei yake kwa dola. Ni viungo vya bunduki yangu ya kwanza, niliyokusudia kuiunga kwa mikono yangu, hapa Marekani ninakoishi.

Msomaji aliyekulia Tabora kama mimi huenda akashtuka. Kwetu, bunduki ya kujitengenezea ni gobore la mfua chuma, na anayekutwa nalo bila kibali ana kesi ya kujibu. Huku mambo ni mengine. Sheria ya nchi nzima humruhusu mtu asiye na kizuizi cha kisheria kujiundia bunduki kwa matumizi yake, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi. Mwenzangu wa zamu ya usiku, mtu mpole aliyewahi kuwa askari, ndiye aliyenipeleka uwanja wa shabaha mara ya kwanza. Nikapenda ule utulivu wa kulenga, pumzi inaposhikwa na dunia kunyamaza. Akanishauri nisinunue bunduki iliyokamilika. Niiunge, nijue kila kilichomo.

Tulichagua AR-15. Herufi hizo mbili zinatokana na jina la kampuni ya ArmaLite, alikofanya kazi mbunifu wake, Eugene Stoner, katika miaka ya 1950. Faida yake kwa mnunuzi ni kwamba viungo vyake vingi hubadilishana: mtutu wa kampuni hii hupatana na kitako cha kampuni ile. Basi nikaanza kuchagua. Mtutu uwe wa inchi 16, kwa kuwa bunduki ya namna hii yenye mtutu mfupi zaidi huangukia sheria ya mwaka 1934, yenye usajili wake. Kitako kiwe cha kurefushwa na kufupishwa, maana mikono yangu ni mirefu. Darubini niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Bei yake ilipita ya mtutu.

Lakini kila nilipoandika jina, lugha ilinisimamisha. Bunduki ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa, kisha likawa kidonge cha kurushwa, kisha silaha. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua. Kufyatua, twafyatua mtego, twafyatua matofali, twafyatua bunduki. Na viungo vyenyewe: vya mwili, vya pilau, na sasa vya silaha.

Kazi ngumu ilikuwa kuitaja aina yenyewe. Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya nusu kujiendesha. Nusu ipi? Bunduki hii hujijaza yenyewe baada ya kila risasi, lakini haijifyatui. Kila risasi hungoja kidole kivute upya. Nikaandika: bunduki ya kujijaza. Hapo ndipo kiambishi -ji- kilipoonyesha mpaka wake. Katika kujijaza, chuma ndicho mtenda na ndicho mtendwa. Katika kufyatua, chuma hakina pa kusimama. Ninafyatua, unafyatua, anafyatua: kitenzi kinadai mwenyewe, na orodha yangu yote ya vyuma haikuwa na jina lake.

Nilimpigia mama simu, nikamweleza.

"Mwanangu," akasema, "na hiyo bunduki utamlenga nani?"

"Karatasi tu, Mama."

"Karatasi huku hatuilengi. Tunaiandikia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kipo kiungo kimoja nilichokiacha mwisho kwa kukosa jina. Ni sehemu ya chini ya mwili wa bunduki, inayobeba kifyatulio na kuchongwa namba ya utambulisho. Mbele ya sheria ya Marekani, hicho peke yake ndicho bunduki. Mtutu, kitako na vinginevyo huletwa mlangoni na posta kama viatu; hicho ukikinunua dukani, sharti ujaze fomu kwa muuzaji mwenye leseni, na kumbukumbu zako zikaguliwe. Sheria imefanya wafanyalo washairi: imeitaja sehemu, ikakusudia kitu kizima. Nimekiita kiunzi, kwa muda.

Mwanangu ana miaka tisa. Kiswahili chake ni cha salamu na chakula. Miezi hii amekuwa akiketi kando yangu, anagusa picha na kuuliza, "Baba, na hiki?" Nami namjibu, nikifurahi kuwa hatimaye anauliza. Juma lililopita alinisomea orodha yote bila kukosea: mtutu, kitako, kifyatulio, kamani. Matamshi safi kabisa. Kisha akauliza:

"Baba, mzinga ni bunduki kubwa, sivyo?"

Nilikuwa nimemfundisha hivyo, tulipotazama picha za gwaride la mizinga 21. Sikuwa nimemwambia kwamba babu yangu alichonga mizinga kwa magogo, akaipandisha mitini, akangoja nyuki. Nikayahesabu maneno mapya niliyompa mwanangu tangu nianze orodha ile. Yalikuwa 12, yote ya bunduki.

Jioni ile tulifungua ukurasa mwingine. Tukaandika mzinga, nyuki, malkia, sega, nta, asali. Aliposikia kuwa mzinga ni nyumba ya nyuki, alinitazama kama mtu aliyedanganywa, na nadhani alikuwa na haki.

Mtutu na kitako vimo kabatini, ndani ya maboksi yao. Mbele ya sheria, sina bunduki. Kwa Kiswahili cha mwanangu, nimekwisha kuwa nayo. Kiunzi kiko dukani, nami bado sijatia saini. Fomu ile ina maswali mengi, ila la mama halimo.

Wajuzi wa lugha, nisaidieni jina la kiungo hicho. Kwa sasa neno kiunzi limekaa mwisho wa orodha, na mbele yake sijaandika bei.