Anzia Kwenye Tangi

Trekta ilizima katikati ya shamba la jirani, zikiwa zimebaki ekari mbili. Ilikuwa mwisho wa Machi, na huku kwetu Moi's Bridge mvua ya kwanza ikishanyesha kila mtu anataka alimiwe leo leo. Mzee alishuka, akatazama mawingu, kisha akanitazama mimi.

Wiki nzima ilikuwa hivyo hivyo. Inalima nusu saa, inapoteza nguvu, inakohoa, inazima. Ukiiacha ipumzike kidogo inawaka kama haijawahi kuugua. Mzee alikuwa ashabadilisha filta. Fundi wa mjini alisema ni pampu, ing'olewe ipelekwe Eldoret ikapimwe. Bei aliyotaja ilikaribia karo ya muhula ya dadangu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na hata sikuwa nasomea uhandisi. Mzee alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili yangu. Tangu nirudi nyumbani alikuwa na swali moja tu: "Unarudi lini?" Kwa hivyo niliposema, "Baba, hebu tuanzie kwenye tangi kabla ya kung'oa pampu," alinyamaza sana.

Dizeli ina njia yake: tangi, filta, pampu, injekta. Kama pampu ingekuwa imekufa, kupumzika kusingeifufua. Nilishuku kuna kitu kinaziba njia, halafu kinaachilia injini ikizima.

Nikafungua kifuniko cha tangi nikisikiliza kama litavuta pumzi, maana tangi lisipopata hewa dizeli haishuki. Kimya. Nikachomoa mpira unaotoka chini ya tangi. Badala ya kumwagika, dizeli ilidondoka tone kwa tone. Tukaimwaga yote kwenye mitungi, nikaingiza waya kwenye tundu. Ukatoka na kipande cha nailoni.

Sote wawili tulikijua. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, lakini Mzee bado ana akiba yake. Hukunja kipande chini ya kifuniko cha mtungi wa dizeli ili usivuje. Injini ikivuta, kinanasa kwenye tundu; ikizima, kinaelea zake.

Alikigeuza geuza kiganjani. Sikusema kitu. Najua inavyouma kosa lako likianikwa mbele ya watu.

Ikabaki kutoa hewa. Unalegeza skrubu ya filta, unapiga ile pampu ndogo ya mkono hadi mapovu yaishe, unakaza. Kisha skrubu ya pampu kubwa. Mwisho nati za injekta, Mzee akipiga stata.

"Toa mkono hapo," akaniambia. "Hiyo dizeli hutoboa ngozi."

Iliwaka mara ya tatu, ikitoa moshi mweupe kwanza. Mzee alipanda, akashika usukani, lakini hakuondoka.

"Na hayo ya chuo," akauliza bila kunitazama, "yalianzia wapi?"

Nikamwambia amalize kulima kwanza. Jioni, tukiosha mikono kwa omo, nilianza mwanzo.