Mcheza Kwao Hutuzwa

Katika nyumba moja kule Kisa, Magharibi ya Kenya, watu hukusanyika Jumamosi jioni kusikiliza gitaa. Hapana umeme wala kipaaza sauti. Mwenye gitaa ni mzee aliyepita miaka sabini. Kando yake huketi mjukuu wake, ambaye hugonga chupa tupu ya Fanta kwa kipande cha chuma ili mwendo wa wimbo usipotee.

Upigaji huo huitwa omutibo. Kidole gumba hutembea juu ya nyuzi nene bila kupumzika, na kidole cha shahada huchukua sauti ya wimbo katika nyuzi nyembamba, hata asiyetazama hudhani ya kuwa wapigaji ni wawili. Aliyeueneza sana ni marehemu George Mukabi, mwenyeji wa Kisa iyo hiyo, aliyefariki mwaka 1963. Mwaka 2017 nyimbo zake zilitolewa upya katika sahani za santuri, zikanunuliwa na watu wa ng'ambo wasiojua hata neno moja la Kiswahili.

Jumamosi moja, wimbo ulipokuwa umenoga, uzi mwembamba ulikatika. Watu wakapiga kelele, "Endelea, Mzee! Usituache njiani!"

Mzee akaliweka gitaa magotini, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, nyuzi hizi hazioti shambani. Huu uliokatika mjukuu wangu aliununua kwa mahindi yake."

Wengine walicheka, kisha wakanyamaza. Maana wote walijua ya kuwa kijana yule alikuwa na debe chache tu za kuuza mwaka ule, na ya kuwa wao waliingia nyumbani mle kila juma mikono mitupu, wakichagua nyimbo kama watu waliolipa.

Ndipo akasimama mama mmoja, akafungua fundo la leso yake. Akasema, "Mzee, siku ya arusi yangu ulipiga mpaka alfajiri, na sisi tulikupa pombe tu. Deni hilo ni la zamani." Akatia fedha ndani ya kofia ya mumewe, na kofia ikazunguka nyumba nzima.

Zilipohesabiwa, zilitosha kununua nyuzi sita, na kijana akarudishiwa thamani ya mahindi yake. Mzee alishukuru kwa maneno machache, akamaliza usiku ule kwa nyuzi tano, na watu wakamsikiliza kwa utulivu kuliko siku zote.

Wazee walisema, mcheza kwao hutuzwa. Lakini methali haina mkono wa kutoa fedha. Ikiwa jirani asikilizaye hatoi, kijana mwenye chupa atajifunza kazi nyingine, na watoto wa Kisa watakwenda kuutafuta wimbo wa kwao katika santuri za wageni.